Kuingiza au Kuhawilisha? Uhakiki wa Istilahi za Majedwali na Kanzidata

Wanaistilahi wetu, kwa desturi, huanza na majina ya vitu, na vitenzi hufuata baadaye ikiwa vitafuata. Desturi hii ina sababu zake. Chombo kipya kinapofika huonekana kwa macho na kudai jina, ilhali kazi inayofanywa na chombo hicho hujificha ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta. Palijadiliwa kwa miaka mingi iwapo mashine hiyo iitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta tu, na watumiaji wengi wakaamua wenyewe bila ya kutungoja. Kinyume chake, wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, neno "kishikwambi" lilienea nchi nzima kwa muda mfupi, na leo walimu wa shule za msingi hulitamka bila ya kusita. Hayo ni mafanikio, wala hatukusudii kuyabeza. Tunalokusudia katika makala haya ni kuhakiki kitenzi kimoja kinachotumiwa kila siku katika ofisi za umma, kitenzi ambacho kwa maoni yetu kinawapotosha wanaokitumia, na kisha kutoa pendekezo.

Kitenzi hicho ni "kuingiza", pale kinapotumika kwa maana ya kuchukua data zilizomo katika lahajedwali na kuziweka katika kanzidata. Lakini haiwezekani kukihakiki kitenzi bila ya kwanza kuyatazama majina mawili kinayoyaunganisha, kwa sababu upotoshaji wenyewe huanzia huko.

"Lahajedwali" ni istilahi njema. Laha ni karatasi, na jedwali ni mpangilio wa mistari na safu unaojulikana na kila mwanafunzi. Maneno hayo mawili yameunganishwa kwa kufuata utaratibu wa Kiswahili, kichwa kikitangulia. Aidha, istilahi hii inasema ukweli kuhusu asili ya kitu chenyewe. Programu ya kwanza ya namna hii kuenea katika kompyuta ndogo, VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979, iliiga zile karatasi pana ambazo wahasibu walikuwa wakizitandaza mezani. Lahajedwali basi ni karatasi, hata inapokuwa ndani ya mashine. Imekusudiwa kusomwa na macho ya binadamu. Karani anaweza kuandika kichwa cha habari katikati ya ukurasa, akapaka rangi njano penye wadaiwa, akaacha pengo penye jina la mtaa kwa kuwa limetajwa mstari wa juu, akaweka jumla chini, na pembeni akaandika "huyu amehama". Msomaji ataelewa yote.

Kanzidata ni kitu cha namna nyingine kabisa. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha makala iliyoeleza jinsi data nyingi zinazotumiwa na watu wengi zinavyoweza kuwekwa katika majedwali yenye nidhamu. Kila jedwali huzungumzia jambo la aina moja tu. Kila mstari ni kitu kimoja, na hakuna mistari miwili iliyo sawa. Kila taarifa huandikwa mahali pamoja, mara moja, na majedwali mengine huirejelea kwa namba ya utambulisho. Hakuna linaloelezwa kwa rangi, wala kwa pengo, wala kwa neno la pembeni.

Hapa yafaa tuseme machache kuhusu majina mawili yanayoshindana, "hifadhidata" na "kanzidata". La kwanza linatumika sana, hasa Kenya na katika programu zilizofasiriwa. La pili limeshika katika ofisi za Tanzania, na Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe huita kanzidata orodha yake ya wataalamu wa lugha. Sisi tunalipendelea la pili. Kanzi ni hazina, na hazina ina mtunzaji, ina hesabu, na kinachoingia na kutoka huulizwa. Hifadhi ni mahali pa kulinda kitu kisidhurike. Mkazi wa Kigoma akilisikia neno hilo hukumbuka Gombe na Mahale, ambako sokwe huachwa waishi wapendavyo. Data haziwezi kuachwa ziishi zipendavyo. Hata hivyo hatuoni haja ya ugomvi juu ya jambo hili, maadamu majina yote mawili yanaeleweka.

Kasoro kubwa zaidi imo katika fungu "kanzidata ya uhusiano". Wafasiri wengi, na walimu baada yao, hueleza kwamba imeitwa hivyo kwa kuwa majedwali yake yana uhusiano, mithili ya ndugu wa ukoo mmoja. Sivyo alivyokusudia Codd. Neno lake alilitoa katika hisabati ya seti, na huko uhusiano ni jedwali lenyewe, yaani mkusanyiko wa mistari ambamo thamani kadhaa zimefungwa pamoja: mtu huyu, mtaa huu, mwaka huu wa kuzaliwa. Istilahi haina kosa, bali fasili zinazoambatana nayo ndizo zenye kosa, na mwanafunzi aliyefundishwa fasili hiyo atahangaika kutafuta undugu wa majedwali ilhali kazi yake ya kwanza ni kuuliza kama mstari mmoja unazungumzia kitu kimoja.

Kwa hiyo tuna vitu viwili vilivyo mbali sana, lakini vyote viwili vinaitwa jedwali, na mtumiaji anayeona mistari na safu huku na mistari na safu kule huamini kwamba kutoka kimoja kwenda kingine ni kuvuka kizingiti tu. Kitenzi "kuingiza" humthibitishia imani hiyo. Kitu kilichoingizwa kimepita mlangoni, na habari yake imekwisha. Ndiyo maana katika ofisi zetu taarifa hutolewa kwa maneno mawili, "data zimeingia", na mkuu wa idara huridhika.

Tuchukue mfano ili jambo hili lionekane wazi. Tuseme karani wa kata ya Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, ametakiwa kupeleka orodha ya kaya za kata yake, iliyoandikwa katika lahajedwali, ili iwekwe katika kanzidata itakayotumika kugawia msaada. Orodha ni safi. Ukiichapa na kuibandika ubaoni, kila mkazi atajiona.

Orodha hiyo kwanza hugeuzwa kuwa faili la maandishi matupu ambamo safu hutenganishwa kwa mikato, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuvukia. Mara moja anwani iliyoandikwa "Kasingirima, Ujiji" inapasuka na kuwa safu mbili, kwa kuwa ina mkato ndani yake, isipokuwa imefungwa katika alama za mtajo. Kiasi cha fedha kilichoandikwa 12,500 nacho chaweza kugawanyika kuwa 12 na 500. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, kwa kuwa lahajedwali huiona kuwa ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mwanzo haina maana.

Namba ya Utambulisho wa Taifa ni jambo la kutisha zaidi, nasi twaomba msomaji atuvumilie tukilieleza kwa urefu. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Lahajedwali za kawaida hukumbuka tarakimu 15 tu za namba yoyote inayochukuliwa kuwa hesabu. Zinazozidi hugeuzwa kuwa sifuri. Karani akiiandika namba hiyo mfululizo bila vistari vya kutenganisha, na bila ya kuiambia programu kwamba ni maandishi, tarakimu tano za mwisho zimekufa palepale, kabla hata ya safari kuanza. Kilichobaki ni tarehe ya kuzaliwa na tarakimu saba zinazofuata. Watu wawili waliozaliwa siku moja, ambao tarakimu zao saba hizo zinafanana, sasa wana namba moja. Kanzidata, ikitii kanuni yake kwamba hakuna mistari miwili yenye utambulisho mmoja, itampokea wa kwanza na kumkataa wa pili. Au, ikiwa imepangwa vibaya zaidi, itamfuta wa kwanza na kumweka wa pili mahali pake. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyeiba. Mtu mmoja tu atakwenda siku ya malipo na kuambiwa hayumo.

Kisha kuna majina ya watu. Ujiji ni mji wa mchanganyiko wa kale, na wenye asili ya Manyema na ng'ambo ya ziwa wanayo maandishi yao ya majina ambayo ni sahihi kabisa kwao. Amisi ni Hamisi, Ramazani ni Ramadhani, Asumani ni Athumani. Mtu mmoja aweza kuwa Asumani katika kadi ya kliniki na Athumani katika orodha ya kata. Kanzidata haijui hilo. Kwake hao ni watu wawili. Vilevile lahajedwali ya karani huweka majina matatu, la mtu, la baba na la babu, katika kisanduku kimoja, na aghalabu bin au binti katikati. Kanzidata hutaka kila jina katika safu yake. Nani ataligawa? Programu ikigawa kwa kufuata nafasi kati ya maneno, "binti" litakuwa jina la baba wa wanawake wengi wa kata hiyo.

Majina ya mahali nayo yana vitendawili vyake. Herufi r na l hubadilishana kwa urahisi midomoni mwa watu wetu na kwa hiyo katika maandishi yao, hata Kasingirima ikaweza kuandikwa Kasingilima. Kagera ni kata ya manispaa hiyohiyo, na pia ni mkoa mwingine ulio kaskazini. Kigoma ni mkoa, ni wilaya, ni mji na ni kata. Mkazi wa Ujiji hawezi kukosea, kwa kuwa anajua anayezungumza naye amesimama wapi. Jedwali halisimami popote.

Tarehe na saa tuzitaje kwa ufupi. 03/04/2022 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani ni tarehe 4 Machi. Mvuvi asemaye alitoka saa 12 jioni na kurudi saa 12 alfajiri amefanya kazi usiku kucha. Lakini karani akiandika 12 na 12, mashine inayohesabu saa kuanzia usiku wa manane itamweka ziwani adhuhuri.

Na maadamu tumefika ziwani, kuna mfano unaowahusu wanaistilahi moja kwa moja. Ziwa Tanganyika linamilikiwa na nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ambazo mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja. Usimamizi huo unahitaji takwimu za samaki ziunganishwe. Samaki mdogo anayeitwa dagaa upande wa Tanzania huitwa ndagala Burundi na Kongo, na kapenta Zambia. Kwa hiyo majina matatu yanapaswa kuwa mstari mmoja. Lakini pia chini ya jina moja la dagaa mna spishi mbili, ambazo wanasayansi huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Kwa hiyo jina moja linapaswa kuwa mistari miwili. Atakayefanya uamuzi huo anafanya kazi ya mwanaistilahi, apende asipende, hata kama katika karatasi ya ajira yake ameandikwa kuwa ni karani wa kuingiza data.

Matatizo haya si ya nchi maskini peke yake. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, huko Uingereza, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na UVIKO-19 hawakuonekana katika hesabu za taifa kwa wakati wake, kwa sababu matokeo kutoka maabara yalipitishwa katika faili za lahajedwali za mtindo wa zamani zisizoweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje bila ya kelele. Na mwaka huohuo, kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mwongozo uliobadilisha majina kadhaa kwa kuwa lahajedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe: jeni iliyoitwa SEPT1, ambayo programu iliiona kuwa ni Septemba mosi, ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Hapo tunaona jopo la istilahi likisalimu amri mbele ya programu ya uhasibu. Kwa jeni hatuna neno, maana jeni haikasiriki. Lakini mzee wa Kasingirima aitwaye Amisi hawezi kuambiwa aandike Hamisi ili mashine isitaabike.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Lawama yetu dhidi ya "kuingiza" ni mbili. Kwanza, tayari kina kazi nyingine katika uwanja huohuo: "kuingiza data" ndilo jina la kazi ya kuandika, kwa vidole, yaliyomo katika karatasi. Neno moja halipaswi kubeba shughuli mbili ambazo zinafuatana na ambazo makosa yake ni ya aina tofauti. Pili, na hili ndilo zito, kitenzi hiki kinahusu mlango tu. Mwaka 1974, Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kitenzi kilikuwa mahali pake, maana mashine inayovuka mpaka hubaki ileile pande zote mbili. Data zinazotoka katika lahajedwali hazibaki zilezile. Zikibaki zilezile, kazi haijafanyika.

Wapo wanaosema "kuleta". Ni neno jepesi na la kiungwana, lakini lina kasoro hiyohiyo, tena humtaka msemaji awe upande wa kupokea. Wengine, kwa kuifuata kamusi ya biashara, wamesema "kuagiza", kana kwamba data zitashuka bandarini zikiwa na ankara. "Kupakia" kungependeza, na kwa watu wa bandari ya Kigoma, wanaohamisha shehena kutoka behewani kwenda melini, ni neno la kila siku. Ila limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kupeleka faili mtandaoni bila ya kuligusa yaliyomo. Na hata bandarini penyewe si kila kilichofika kilipakiwa na kupakuliwa tu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Asemaye kwamba meli hiyo "iliingizwa" Kigoma hakusema uongo, ila ameisahau kazi yote.

Sisi tunapendekeza "kuhawilisha", na jina lake "uhawilishaji". Neno hili si geni. Linatumika, kwa umbo hilo au kwa umbo la "haulisha", katika mipango ya kunusuru kaya maskini, ambako uhawilishaji wa fedha ni fungu linalosikika hadi vijijini. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kugeuka na kuhama kwa pamoja, na ndugu yake wa karibu ni "hawala". Msomaji na aitafakari hawala kwa makini. Mtu akituma fedha kwa hawala, noti alizozitoa hazisafiri. Kinachosafiri ni thamani yake, na kule iendako hulipwa kwa noti nyingine, baada ya mpokeaji kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Hivyo ndivyo ilivyo kazi tunayoizungumzia: maandishi ya karani hayahami, maana yake ndiyo huhama, na hupewa umbo jingine, baada ya kuhakikiwa.

Tutapingwa kwamba neno ni zito na halimo midomoni mwa vijana wa ofisini. Ni kweli. Lakini uzito huo una faida yake hapa, kwa kuwa humfanya karani asimame kidogo. Tutapingwa pia kwamba fedha za kaya maskini hazibadiliki zinapohawilishwa, kwa hiyo umma umekwisha kulifahamu neno kwa maana ya kuhamisha tu. Pingamizi hili lina nguvu zaidi, na jibu letu ni kwamba fasili katika orodha za istilahi itaje waziwazi hatua za kazi. Istilahi isiyo na fasili ni mzigo usio na lebo.

Hatua zenyewe zina maneno tayari, ikiwa tutayatafuta palipo na watu. Data zinazofika kwanza huwekwa katika jedwali la kando, zikaguliwe kabla ya kuruhusiwa. Tunaweza kuliita "jedwali la kungojea", na msomaji aliyewahi kungoja mizigo katika ghala la forodha hatahitaji maelezo. Kanuni ambazo kila mstari lazima uzitimize ziitwe "masharti". Na ule utaratibu ambao kazi yote hufanikiwa kwa pamoja au hubatilishwa yote, pasibaki nusu, unalo jina ambalo kila mwenye simu analijua: "muamala". Mama anayetuma fedha kwa simu akiwa Kasingirima anafahamu kwamba muamala ama umekamilika ama fedha zimerudi. Hapa hatuna la kubuni.

Hatuwezi kusema hivyo kuhusu "safu". Neno hili limelemewa. Safu ya milima imelala, safu ya gazeti imesimama, na wafasiri wa programu wamelazimika kulifunga mikia, "safu wima" na "safu mlalo", ambayo mtumiaji huisahau upesi. Tunaona yafaa "safu" libaki kwa iliyosimama, kama magazetini, na iliyolala iitwe "mstari". Kuhusu "ufunguo msingi" tuna shaka, maana kazi ya kitu hicho ni kutambulisha, hakifungui lolote, "kitambulishi" kingetosha.

Huenda wasomaji wakadhani kwamba haya yote ni mambo ya juzi, na kwamba Kiswahili kinayafuata kwa mbali. Historia ya Gombe, iliyo takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma, inakanusha. Utafiti wa sokwe ulioanzishwa huko na Jane Goodall mwaka 1960 uliendelea kwa miongo mingi, na hasa baada ya wanafunzi wanne wa kigeni kutekwa nyara mwaka 1975, kazi ya kila siku ya kuwafuata sokwe na kuandika ilishikwa na Watanzania. Waliandika katika karatasi zenye majedwali nani yuko na nani kila baada ya dakika 15, na pembeni yake masimulizi ya matukio, kwa Kiswahili. Baadaye karatasi hizo zilishughulikiwa katika vyuo vikuu vya Minnesota na Duke huko Marekani, zikafanywa kanzidata. Masimulizi hayo hayakuingizwa. Yalifasiriwa kwa Kiingereza, yakachambuliwa, na tendo lililoelezwa kwa sentensi nzima likapewa mahali pake katika safu. Uhawilishaji mkubwa kabisa wa maandishi ya Kiswahili kutoka mwambao huu ulifanywa hivyo, nasi hatukuwa na neno la kuutaja. Lingekuwa jambo la maana kama wafasiri wetu wangepata kujifunza jinsi vitenzi vya waandishi wale vilivyogawanywa, kwa kuwa hapo ndipo palipoamuliwa, kwa mfano, ni wapi kutishana kunakwisha na kupigana kunaanza.

Limebaki jambo moja, nalo ni mistari iliyokataliwa. Uhawilishaji wowote ulio mwaminifu hutoa orodha mbili, ya waliopokelewa na ya waliorudishwa pamoja na sababu. Tumesikia hiyo ya pili ikiitwa "makapi" na "takataka". Majina hayo tunayapinga kabisa. Makapi hupepetwa yapeperuke, na mistari hiyo ni watu: ni yule wa pili aliyezaliwa siku moja na mwenzake, na yule binti aliyegeuzwa kuwa baba. "Marejesho" lingefaa, lakini limeshikwa na vikundi vya mikopo. Kwa sasa tunapendekeza isemwe kwa maneno mengi, "mistari iliyorudishwa", na kila taarifa iitaje kwa idadi, kwa mfano: majina 640 yamehawilishwa, 17 yamerudishwa kata ya Kasingirima kwa uthibitisho, 3 yanangojea.